Ardhi Iliyochimbwa Haipimwi kwa Macho

Kwetu Majoreni, kisima kipya kikichimbwa, ndoo ya kwanza hainywewi. Maji huachwa yatulie kwenye sufuria, kisha mtu mzima huyaonja kwa ncha ya ulimi na kusugua kipande cha sabuni mikononi. Sabuni ikitoa povu, watu hushusha pumzi, maana maji ni baridi. Povu likikataa, kisima kimeingia chumvi, na wachimbaji husogea juu kidogo, mbali na mikoko, wakaanza upya.

Nimekulia kwenye kipimo hicho na bado nakiheshimu. Lakini kadiri umri unavyosogea nimetambua kwamba kuna mambo ambayo ulimi wa mzee hauyafikii. Risasi iliyojipenyeza kwenye maji haina ladha wala harufu. Thoriamu haibadilishi rangi ya udongo. Mhogo unaweza kustawi juu ya ardhi iliyobeba sumu, majani yakapendeza machoni, na mama akayachuma akayapika kisamvu bila kushuku lolote. Kwa mambo ya aina hii povu la sabuni halisemi kitu.

Nalitaja hili kwa sababu kaunti yetu ya Kwale, pwani ya Kenya, sasa ina swali ambalo haijawahi kuulizwa. Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium wa Maumba na Nguluku ulimaliza kuchimba. Ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, na shehena ya kwanza ikaondoka kupitia Likoni mwanzoni mwa 2014. Kwa miaka kumi na moja ulikuwa mgodi mkubwa kuliko wote nchini, ukitoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Familia zilizoishi juu ya mchanga ule zilihamishwa, baadhi zikaletwa huku kwetu, upande wa Mrima na Bwiti. Leo mitambo imenyamaza na yamebaki maelfu ya ekari zilizogeuzwa juu chini, bwawa la Mukurumudzi lililojengwa kwa ajili ya mgodi, na foleni ya watu wenye mawazo. Wapo wanaotaka kilimo kikubwa na wapo wanaotaka viwanda. Wengine wanauliza kama wenyewe wa zamani watarudi.

Msimamo wangu ni huu: ardhi ile isigawiwe mtu yeyote, awe mwekezaji, kaunti au mwananchi, kabla haijapimwa waziwazi, kwa vipimo ambavyo wanakijiji wanaweza kuvisoma. Na upimaji usikome siku ya kukabidhi funguo. Uendelee kwa miaka yote ambayo hatari inaweza kuendelea, kwa fedha za aliyenufaika.

Kilichomo ndani ya mchanga

Tuanze kwa haki. Uchimbaji wa Kwale haukuwa wa kumwaga zebaki mtoni kama unavyofanyika kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Mchanga ulichotwa, ukachanganywa na maji, na madini mazito yakatenganishwa kwa uzito, kwa sumaku na kwa umeme. Katika kila tani mia za mchanga, yaliyotakiwa yalikuwa tani chache tu, na zilizobaki zikarudishwa mashimoni. Kampuni ilikuwa na kitalu cha miti ya kienyeji na mashamba ya majaribio, na nyasi zimeota mahali palipokuwa mashimo. Anayesema hakuna kilichofanyika hasemi kweli.

Hata hivyo mchanga uliorudishwa si ule uliotolewa. Udongo wa mfinyanzi, uliokuwa ukishikilia maji na rutuba, ulitenganishwa na mchanga wakati wa kuoshwa. Mchanga mtupu hunywa mvua na kuiacha ipite, na mbolea huondoka na maji. Mkulima anayepewa shamba la namna hiyo anahitaji kujua ni kina gani cha udongo wa juu kilichorudishwa, na mfinyanzi uliochanganywa humo ni kiasi gani. Nyasi zilizoota msimu wa masika hazimwambii lolote kuhusu kiangazi cha mwaka wa tano.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mchanga wa aina hii popote duniani hubeba zirkoni na monazaiti, na ndani ya madini hayo mna urani na thoriamu, zenye kutoa mnururisho, kwa asili. Yakiwa yametawanyika mchangani, kiwango huwa kidogo. Mtambo unapoyatenganisha, kiwango hupanda katika fungu lile lililotengwa. Kwa hiyo maswali ni ya kawaida kabisa na hayamtuhumu mtu: masalia yaliyotengwa yalizikwa wapi? Kwa kina gani? Yalichanganywa na mchanga kiasi gani? Ramani yake iko ofisi gani, na mwananchi akienda kuiomba atapewa? Thoriamu hupungua nusu yake kwa miaka bilioni 14. Ramani hiyo itahitajika muda mrefu baada ya sisi sote kusahaulika.

Sisi wa upande huu tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili. Kilima cha Mrima kimebeba thoriamu tangu kuumbwa kwake, na watafiti wamepima mnururisho pale ulio juu kuliko kawaida, pasipo mgodi wowote. Ni msitu wa hifadhi na mahali patakatifu pa kaya, na chini yake kuna naiobiamu na madini adimu yanayotamaniwa na dunia nzima. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba Mrima, na kampuni hiyo ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Mwaka 2018 ilishindwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba leseni ilitolewa bila masharti ya sheria za mazingira kutimizwa.

Mrima unatufundisha jambo ambalo wapenda mazingira wakati mwingine tunalikwepa. Si kila kitu cha hatari kilicho ardhini kimeletwa na mwekezaji. Ndiyo maana kipimo cha mwanzo ni muhimu kuliko vyote. Usipojua ardhi ilikuwaje kabla ya katapila la kwanza, kila ugonjwa utasingiziwa mgodi, na mgodi nao utasingizia Mungu. Wote wawili watakuwa wanabishana gizani.

Kiwanda kiliondoka, udongo ukabaki

Mwenye kutilia shaka haja ya haya yote avuke Likoni aende Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ukutani mwa nyumba za watu mwaka 2007 kikafungwa 2014. Moshi na maji machafu vilibeba risasi hadi kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mwanawe akaugua, aliongoza wanakijiji kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji visafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kufanya kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia wakazi ushindi wao.

Angalia tarehe. Kiwanda kilidumu miaka saba. Kesi na hangaiko lake vimedumu zaidi. Risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua ikaisha. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, pale pale mtoto anapochezea kombolela, na hurudi hewani kila ukame unapoinua vumbi.

Ni hapo neno uendelevu linapoanza kuwa na maana ya kazi. Mtu atasema: chimbeni udongo mbaya mkautupe. Sawa, mkautupe wapi? Malori mangapi, yapite barabara ipi, yafukie bonde la nani? Tukiutoa udongo wa Owino Uhuru tukaumwaga kando ya kijiji kingine cha wanyonge, tutakuwa tumehamisha ugonjwa na kulipa dizeli ya kuuhamisha. Wakati mwingine kuufunika kunafaa, na wakati mwingine kuitia pingu ile sumu hapo hapo ilipo kunafaa zaidi. Katika mtaa wa South Prescott mjini Oakland, California, wakala wa mazingira wa Marekani walichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wa nyua za watu. Fosfati iliyomo kwenye mifupa hushikana na risasi, ikageuka madini magumu yasiyofyonzwa kirahisi tumboni. Kisha wakafunika kwa udongo safi na kupanda majani.

Niliposimulia habari hii kwa wavuvi wa kwetu, mmoja alitazama lundo la mifupa nje ya banda la samaki akakaa kimya kwa muda. Sisemi kwamba mifupa ya changu na tasi itaiponya Pwani. Nasema suluhisho zuri mara nyingi ni lile linalotumia kilicho karibu, lenye gharama ndogo, na lisilomtupia jirani mzigo. Suluhisho la namna hiyo halionekani mpaka watu wakae chini walinganishe njia zote kabla ya kuita malori.

Shule ya dola moja

Kuna hadithi nyingine ambayo kila diwani na kila waziri anayegawa ardhi angepaswa kuijua. Karibu na maporomoko ya Niagara, jimbo la New York, kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia takriban tani 20,000 za taka za sumu kwenye mfereji ulioachwa, tangu 1942 hadi 1953. Kisha ikaufunika kwa udongo, na ardhi ikauzwa kwa bodi ya shule kwa dola moja. Hati ya mauzo ilikuwa na onyo juu ya kilichozikwa. Bodi ilihitaji kiwanja, ikajenga shule. Nyumba zikafuata pembeni. Miaka ikapita, mvua kubwa ikapandisha sumu hadi kwenye vyumba vya chini vya watu, na mwaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura pale Love Canal. Mamia ya familia zilihamishwa.

Kinachonitisha katika kisa hiki ni kwamba habari zilikuwepo, zimeandikwa kwenye hati. Zilichokosa ni mtu wa kuzilinda zisisahaulike. Mwenye kujua aliuza akaondoka, aliyenunua alikuwa na haja ya haraka, na waliohamia baadaye hawakuambiwa. Kwale ina haja nyingi za haraka. Tunahitaji madarasa, hospitali na viwanja vya vijana. Ardhi tambarare iliyo wazi, yenye barabara na umeme, ni kishawishi kikubwa. Kampuni iliyochimba imekwisha kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani, ambayo macho yake yako kwenye mradi wa Toliara huko Madagaska. Hilo ni la kawaida katika biashara. Ndiyo sababu kumbukumbu ya ardhi haiwezi kuachwa mikononi mwa mwenye biashara.

Maswali kumi na matano

Waingereza, ambao viwanda vyao vilianza kuchafua ardhi kabla ya vya wengine, waliandaa mwaka 2010 mwongozo wa kupima uendelevu wa kusafisha udongo na maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2017 Shirika la Viwango la Kimataifa likatoa kiwango chake, ISO 18504. Mwongozo wa Uingereza unapanga maswali katika mafungu kumi na matano: matano ya mazingira, matano ya jamii, matano ya uchumi. Yanauliza juu ya hewa, udongo, maji, viumbe na matumizi ya rasilimali. Yanauliza juu ya afya, haki kati ya watu, hali ya ujirani, ushiriki wa jamii, na ubora wa ushahidi wenyewe. Katika uchumi hayaishii kwenye gharama na ajira. Yanauliza pia kama mpango unaweza kubadilishwa mambo yakibadilika.

Ukiyavua maneno yake ya kitaalamu, mwongozo huo unasema jambo ambalo nyanya zetu walilijua: usitibu jicho ukaharibu sikio. Usafi wa ardhi uliopatikana kwa kukausha mto wa jirani si usafi. Mradi wa ajira mia tano unaokufa mwaka wa saba na kuacha visima vibovu umekula mtaji wa wajukuu. Na hili la haki kati ya watu ndilo linalonigusa kuliko yote: aliyebeba hasara ya kwanza asiwe wa mwisho kupata faida. Familia zilizotoka Maumba na Nguluku zikazika wazee wao mara ya pili mahali pageni zina neno la kusema, na neno lao liwe na uzito wa kura.

Pia unatufundisha kwamba si lazima kila kipande kipone kwa kiwango kimoja. Matumizi yafuate hali ya udongo. Palipothibitika kuwa salama na penye rutuba, pawe shamba la chakula. Penye mashaka, pawe msitu, au paneli za nishati ya jua, au maghala. Palipozikwa masalia, pazungushiwe ua na paandikwe kwa herufi kubwa. Kosa ni kuchora ramani ya matumizi mezani Nairobi kwanza, kisha kutafuta vipimo vya kuihalalisha.

Hoja ya vijana

Najua nitakachojibiwa, na anayenijibu ana uchungu wa haki. Mamia ya vijana wa Msambweni na Lunga Lunga walikuwa na mishahara mpaka juzi. Leo wako bodaboda, au wameketi barazani. Kijana mmoja aliniambia, "Mjomba, nyinyi mkae mpime, sisi tule nini?" Sikuwa na jibu la haraka.

Jibu langu la pole pole ni kwamba kupima nako ni kazi, na kuponya ardhi ni kazi zaidi. Twende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alikabidhiwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usiokuwa na hata punje ya udongo. Alijaribu aina 26 za miti. Zikastahimili chache tu, na mvinje ndio uliotangulia. Lakini majani ya mvinje hayakuoza. Akaleta majongoo, wale wenye miguu myekundu tunaowaruka njiani mvua zikianza. Wakatafuna majani, kinyesi chao kikawa mboji, udongo ukaanza kujitengeneza. Leo pale ni Haller Park, wanafunzi wanakwenda kutazama twiga, na watu wameajiriwa kwa miongo mitano. Ajira hizo zilikuja kwa sababu kuna mtu alibaki pale pale, akapanda, akaona mti ukifa, akaandika, akapanda mwingine.

Na tusidanganyane kwamba haraka huleta ajira daima. Majirani zetu wa Ramisi wanakumbuka kiwanda cha sukari kilivyoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, na miwa ikabaki mashambani bila mnunuzi kwa miaka mingi. Mpango uliojengwa juu ya ardhi isiyojulikana na mwekezaji mmoja tu huwa na mwisho wa ghafla, na anayebaki na ardhi ni mwanakijiji.

Tunachokiomba

Basi naomba mambo manne, na nayaelekeza kwa Wizara ya Madini, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira na Serikali ya Kaunti ya Kwale.

La kwanza, vipimo vyote vya mwanzo, vya wakati wa uchimbaji na vya sasa viwekwe hadharani: udongo, maji ya visima, maji ya mto na mnururisho. Viandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na vibandikwe kwenye ofisi za machifu na misikitini, mahali watu wanaposimama kusoma.

La pili, fedha za dhamana ya mazingira zinazodaiwa na sheria zisiachiliwe kwa sababu nyasi zimeota. Ziachiliwe kwa awamu, kadiri vipimo vya miaka vinavyothibitisha. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iligawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, na fungu la jamii likachelewa kwa miaka. Tumejifunza kwamba haki isiyokuwa na tarehe huyeyuka.

La tatu, kila hati ya kipande cha ardhi ile ibebe historia yake, isomeke na mnunuzi wa kwanza na wa kumi, ili isije ikajengwa chekechea juu ya kilichozikwa.

La nne, upimaji ufundishwe kwa wenyeji. Asiseme mtu kwamba hatuwezi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakipima unene wa mikoko na kuuza hewa ukaa kwenye soko la dunia, na hesabu zao hukaguliwa na watu wa nje. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata. Mtoto wa mvuvi anayeweza kusimama kwenye tope akapima mkoko kwa sentimita anaweza kufundishwa kuchota maji ya kisima kwenye chupa safi, kuyaandika tarehe na kuyapeleka maabara.

Mto Mukurumudzi utaendelea kushuka kutoka Shimba kuelekea Gazi, ukipita kando ya ardhi ile. Utabeba kilichomo, kiwe kizuri au kibaya, mpaka kwenye mikoko wanamozaliwa kamba na samaki tunaowala. Hiyo ndiyo njia ambayo swali la Maumba litawafikia hata wale wasiowahi kukanyaga mgodini.

Juma lililopita kwetu tumechimba kisima kingine. Mzee wetu aliyaonja maji, akasugua sabuni, povu likatoka jeupe, watu wakafurahi. Kisha binti yake, anayefundisha sayansi sekondari, akajaza chupa mbili, akazifunga, akaandika tarehe na jina la mahali kwa kalamu. Mzee akamuuliza za nini. "Za kuuliza yale ambayo sabuni haiyajui, baba." Mzee akatikisa kichwa kukubali, akafunika kisima kwa bati. Hakuna aliyekunywa siku ile. Tunangoja majibu.